Kutoka Kericho Hadi Nairobi kwa Waya wa Mita 20

Anayeanza kusikiliza mawimbi mafupi akiwa Kericho hukutana mapema na jambo la kukanganya. Anaweka redio kwenye megahezi 14.100, anavaa hedifoni, na kabla ya dakika tatu kwisha amesikia Pretoria, karibu kilomita 2,900 kusini. Amesikia Tel Aviv pia, kilomita 3,600 kaskazini. Hewa ikiwa njema anapata Ufini, na pengine Hong Kong. Lakini kituo cha Nairobi, kilichopangiwa masafa hayohayo na nguvu ileile ya wati 100, kwa kawaida hakipati. Na Nairobi, kwa mstari ulionyooka, iko kilomita kama 200 tu.

Redio yake haina kasoro. Alichokutana nacho ndicho kiini cha redio za ridhaa katika nyanda za chai za Kericho na Bomet, na anayekielewa kabla ya kufungua pochi atanunua vifaa tofauti kabisa na vile anavyoshauriwa na wengi.

Vituo anavyovisikia ni bikoni, mitambo inayojirusha yenyewe usiku na mchana ili wasikilizaji wajue njia zipi za hewani ziko wazi. Cha kwanza kilianza mwaka 1979 kule Stanford, California, na leo mtandao huo una nafasi 18 duniani, ukisimamiwa na Northern California DX Foundation pamoja na Umoja wa Kimataifa wa Redio za Ridhaa. Nafasi ya Kenya ni ya 5Z4B, kituo kilichowekwa Kariobangi, Nairobi, chini ya Amateur Radio Society of Kenya. Kila bikoni hupewa sekunde kumi. Kwanza hutuma alama yake ya wito kwa msimbo wa Morse, kwa kasi ya maneno 22 kwa dakika. Kisha hufuata vistari vinne vya sekunde moja moja: cha kwanza kwa wati 100, cha pili kwa wati 10, cha tatu kwa wati 1, cha mwisho kwa sehemu moja ya kumi ya wati. Mzunguko mzima huchukua dakika tatu, halafu huanza upya.

Zamu hizo zimepangwa kwa namna inayomfaa sana mtu wa Kericho. Kwenye 14.100 hutangulia Sri Lanka, halafu Pretoria, halafu Kariobangi, halafu Tel Aviv, halafu Ufini. Msikilizaji mwenye saa sahihi husikia Pretoria ikimaliza vistari vyake, kisha sekunde kumi za mvumo mtupu, kisha Tel Aviv inaingia. Mvumo huo ndio zamu ya Nairobi.

Sababu yake iko angani, kwenye ionosfia. Tabaka linalorudisha mawimbi mafupi ardhini huwa kwenye kimo cha kilomita kama 300. Wimbi likipigwa wima, tabaka hilo hulirudisha hadi kikomo fulani cha masafa. Likizidi hapo linapenya na kupotelea anga za juu. Likipigwa kwa mshazari mkali, kikomo hupanda hadi karibu mara tatu. Tuchukue asubuhi ambayo kikomo cha wima ni megahezi 8. Wimbi la kwenda Tel Aviv hulala chini, hivyo hata megahezi 24 zingerudi, na 14.1 hurudi bila taabu, kwa ruko moja. Wimbi la kwenda Nairobi halina budi kupanda kwa pembe ya digrii zaidi ya 70, ligonge tabaka juu ya Bonde la Ufa na kushuka. Kwa pembe hiyo kikomo hakivuki megahezi 8.4. Basi 14.1 inapenya, na Kericho inabaki ndani ya ukanda wa kimya wa Nairobi. Jua likifika kilele cha mzunguko wake, kama lilivyofika mwaka 2024, kuna alasiri ambapo kikomo cha wima karibu na ikweta hupanda kupita megahezi 13, na hapo Kariobangi huweza kuingia. Lakini hiyo ni bahati ya msimu, na mawasiliano hayajengwi juu ya bahati.

Ushauri anaopewa karibu kila mwanafunzi wa redio ni huu: anza na redio ndogo ya mkononi, ya masafa ya megahezi 144 au 430. Ni rahisi, inaingia mfukoni, inatoa wati tano. Ushauri huo ni mzuri kwa mtu wa mjini, mwenye wenzake jirani na mtambo wa kurudufu mawimbi juu ya jengo refu. Kwa mtu wa Litein au Mogogosiek anayetaka kuongea na Nairobi ni ushauri mbaya, na hilo linafaa kusemwa waziwazi. Masafa hayo husafiri kama macho yanavyoona, na kati ya Kericho na Nairobi kuna msitu wa Mau, unaopanda hadi karibu mita 3,000, kisha Bonde la Ufa lote, kisha ukingo wake wa mashariki. Upande wa magharibi mambo ni mengine: nyanda za chai zinateremka kuelekea tambarare za Kano na Ziwa Victoria, na mwenye redio ya mkononi kwenye ukingo huo anaweza kumpata mwenzake wa Kisumu, umbali wa kilomita 65 hivi, kwa sababu hakuna kilima cha kuwatenganisha. Akigeuka mashariki, wati zake tano zinaishia kwenye mlima.

Njia ya kuuruka mlima huo haihitaji mnara wala kifaa cha ajabu. Inahitaji kushuka hadi megahezi 7.1, masafa yaliyo chini ya kile kikomo cha 8.4, na kutundika antena inayorusha juu moja kwa moja. Mtindo huu una historia ndefu Afrika Mashariki. Madaktari wa ndege walioanzisha Amref jijini Nairobi mwaka 1957, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walijenga huduma ambayo baadaye ilitegemea mtandao wa redio za mawimbi mafupi kuzungumza na hospitali za mbali zisizo na simu. Milima ilikuwa ileile, na mawimbi yaliipita kwa juu.

Antena yenyewe ni waya uliokatwa katikati. Gawanya 143 kwa masafa ya megahezi na upate urefu wa nusu wimbi kwa mita: 143 kwa 7.1 ni mita 20.1, yaani mkono mmoja mita 10 na kidogo. Waya wa umeme wa nyumbani wa milimita 1.5 za mraba, unaopatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi, unatosha kabisa. Ganda lake la plastiki hulichelewesha wimbi kidogo, kwa hiyo waya huu huishia kuwa mfupi kuliko hesabu. Busara ni kuanza na mita 10.3 kila upande, kupima, kisha kupunguza. Kila sentimita 10 zikitolewa pande zote mbili, antena hupanda kwa kilohezi 70 hivi. Afadhali ncha zikunjwe na kufungwa kuliko kukatwa, maana waya uliokatwa haurudi. Katikati, ambapo kebo inaungana na mikono miwili, kipande cha bomba la plastiki hushikilia kila kitu, na kebo huzungushwa mizunguko minane au kumi hapohapo chini ya kiungo ili mkondo usirudi kwenye ganda lake na kuingia chumbani.

Kimo ndicho kinachowashangaza wengi. Kwa mawasiliano ya mbali antena hupandishwa juu kadiri iwezekanavyo. Kwa Nairobi inatakiwa iwe chini, kati ya mita 4 na 10, ili ardhi iliyo chini yake isaidie kulisukuma wimbi juu. Hapa nyanda za chai zina fursa isiyopatikana mjini. Michai hukatwa ifike kiunoni, kwa hiyo waya wa mita sita juu ya shamba hauzuii mchuma chai yeyote wala hauchukui hata shina moja. Mikaratusi imejaa pembezoni, kwa sababu viwanda huitumia kama kuni za kukaushia majani. Miti hiyo huyumba sana upepo ukivuma. Kamba ya upande mmoja ipitishwe kwenye kapi na kufungiwa jiwe ili ipande na kushuka, vinginevyo waya utakatika katika dhoruba ya kwanza. Waya usipite juu wala chini ya nyaya za umeme za barabarani, hata kama ndiyo njia fupi. Waya mrefu ukikatika haujulikani utaangukia wapi.

Na dhoruba zipo. Nyanda za Kericho na Nandi huhesabiwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakulima wakubwa wa chai walikodi ndege za kunyunyizia mawingu iodidi ya fedha, wakitumaini kupunguza mawe yanayochana majani. Upepo wenye unyevu kutoka ziwani hupanda nyanda hizi, ukakutana na joto la mchana, na alasiri mawingu yanapasuka. Kwa mwenye redio, ratiba hiyo huamua saa za kazi. Kati ya saa tatu na saa sita mchana tabaka la juu limeshaamka, masafa ya 7.1 yanarudi vizuri kutoka wima, na radi bado. Kuanzia saa nane kelele za radi huanza kupasua masikio, na kebo inapaswa kuchomolewa kwenye redio na kuwekwa nje ya nyumba. Kuizima redio tu hakutoshi: radi haihitaji kupiga waya wenyewe, ikipiga karibu tu msukumo wake unatosha kuunguza kipokezi.

Usiku hali hugeuka. Kikomo cha wima hushuka, 7.1 inaanza kupenya, na Nairobi inafifia huku Ulaya ikipanda. Wenye nafasi hushuka hadi megahezi 3.6, kwa waya wa karibu mita 40. Lakini hapo huwangoja jirani mwingine: dhoruba za Ziwa Victoria hujijenga zaidi usiku, na masafa ya chini hubeba kelele zake mbali.

Viwanda navyo vina kelele zao. Mota kubwa za feni za kunyaushia majani, zikiendeshwa na vidhibiti vya kielektroniki vya kasi, huweza kufunika masafa yote kwa mvumo mzito. Akaaye karibu na kiwanda asikilize kwanza kwa redio ya betri akitembea shambani, atafute kona yenye utulivu, ndipo achague miti.

Kusikiliza ni nusu ya kazi. Ili kurusha, sheria ya Kenya ya mawasiliano ya mwaka 1998 inataka leseni kutoka Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na mwenye leseni hupewa alama yake ya wito inayoanza na 5Z4. Kabla ya uhuru ilikuwa VQ4. Kanuni za kimataifa zinazitaka serikali zihakikishe mwombaji anajua ufundi na uendeshaji; kujua Morse si sharti la kimataifa tena tangu mkutano wa mwaka 2003. Kanuni hizohizo zinaieleza huduma hii kuwa ya kujifunza, kuwasiliana na kuchunguza ufundi bila kutafuta faida ya fedha. Mkulima hawezi kuitumia kuuza majani, lakini anaweza kuitumia kuelewa kwa nini simu ya mwenzake wa Sotik inakatika akishuka bondeni.

Asiye na mtu wa kuongea naye asubuhi anaweza kuanza na FT8, mfumo uliotolewa mwaka 2017 na Steve Franke pamoja na Joe Taylor, yule aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1993. Kompyuta hutuma ujumbe mfupi kwa zamu za sekunde 15, na wati tano kwenye 14.074 zinaweza kufika Ulaya kutoka kwenye waya uliotundikwa juu ya michai. Ni njia nzuri ya kuiona ionosfia ikifanya kazi. Lakini mtu asiishie hapo, kwa sababu mazungumzo ya sauti na Mkenya mwenzake yanafundisha mambo ambayo skrini haifundishi.

Ipo pia njia isiyojali Mau, ionosfia wala saa. Mwezi wa Novemba 2018 Qatar ilirusha setilaiti ya Es'hail-2, ikiwa na mtambo wa redio za ridhaa uitwao QO-100, wa kwanza wa aina yake kukaa sehemu moja angani. Uko juu ya ikweta kwenye longitudo ya karibu digrii 26 mashariki na unaiona Afrika nzima. Kwa Kericho dishi lake huelekezwa magharibi, karibu digrii 79 kutoka upeo wa macho. Sauti zake hushuka kwenye gigahezi 10.489, masafa ambayo kichwa cha kawaida cha dishi la televisheni hupokea. Nairobi na Kericho ziko ndani ya eneo lilelile, kwa hiyo ukanda wa kimya haupo. Gharama iko kwenye kupanda: kurusha kwa gigahezi 2.4 kunahitaji kipaza nguvu, dishi la pili au mlisho wa masafa mawili, na saa thabiti ya kushikilia masafa. Ndiyo maana waya wa mita 20 unabaki kuwa mlango wa kwanza.