Nani Alikufinyanga? Okot p'Bitek, Rubanga na Swali la Maradhi Adimu

1. Utangulizi

Katika African Religions in Western Scholarship, kitabu alichokitoa Okot p'Bitek mwaka 1970, mna kisa kifupi ambacho wanatheolojia na wanaanthropolojia wamekisimulia upya mara nyingi. Kwa kawaida kisa hicho husomwa kama dhihaka juu ya wamisionari. Makala haya yanakusudia kukisoma kwa namna nyingine, yaani kama kisa cha ugonjwa adimu na cha maneno yaliyotumiwa kuulizia habari zake. Tutajaribu kuonyesha, kwanza, kwamba hoja ya Okot kuhusu dini inasimama juu ya hoja ya lugha. Pili, kwamba hoja hiyo ina pengo kubwa, nalo ni mgonjwa mwenyewe. Na tatu, kwamba pengo hilo linawahusu sana wale wanaofundisha lugha za Kiafrika mjini Nairobi.

Okot hakuwa mgeni katika taaluma aliyoishambulia. Alisoma anthropolojia ya jamii huko Oxford mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati E. E. Evans-Pritchard alipokuwa profesa wa somo hilo, naye anaeleza katika kitabu chake jinsi alivyowalalamikia walimu wake, bila kusikilizwa, kwa kuwaita Waafrika washenzi. Baada ya kupoteza kazi yake Kampala alihamia Kenya, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1970. Kitabu chake kingine, Religion of the Central Luo, kilitolewa Nairobi mwaka 1971. Kwa hiyo hoja tunayoihakiki ni sehemu ya urithi wa jiji hili.

2. Kisa na nguvu yake

Okot anasimulia kwamba mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Kwa kuwa lugha ya Kiacholi haikuwa na neno la kuumba lililojitenga na lile la kufinyanga, swali liliwafikia wazee kama kwamba wanaulizwa: nani aliyewafinyanga? Wazee hawakuona maana yake, kwani watu huzaliwa na mama zao. Wakajibu kuwa hawajui. Wageni hawakuridhika, wakashikilia kupewa jibu. Ndipo mzee mmoja alipokumbuka kwamba mtu aweza kuzaliwa mzima, kisha akipatwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, umbo lake hupindika akawa kama aliyefinyangwa upya. Akasema kuwa Rubanga ndiye anayefinyanga watu. Hilo lilikuwa jina la pepo mbaya aliyedhaniwa kuleta kibiongo. Mapadri wakalichukua, wakalihubiri kuwa ni jina la Baba wa mbinguni. Na hadi leo Waacholi Wakristo wanamwomba Mungu kwa jina hilo. Katika Song of Lawino (1966) Okot alikuwa amekwisha kulitumia jambo hili kisanaa, kwani Mungu wa wamisionari huitwa humo Kibiongo.

Nguvu ya kisa hiki imo katika kiulizi kimoja, nani. Kiulizi hicho hakitafuti habari tu, bali kinadai kabla ya jibu kwamba mtendaji yupo. Anayeulizwa amebakiziwa kazi ya kumtaja. Wazee walilikataa dai hilo waliposema hawajui, lakini kukataa kwao hakukuhesabiwa kuwa jibu. Ikumbukwe pia kwamba nafasi iliyoachwa wazi haikujazwa na homa wala kuhara. Maradhi ya kila siku yana maneno mengi na dawa nyingi, na kila nyumba imeyaona. Ugonjwa unaoonekana kwa nadra huja na maneno machache, na kwa sababu hiyo ni rahisi kugeuzwa ishara ya jambo jingine.

Hapa ndipo Okot anapoachana na John Mbiti. Katika African Religions and Philosophy (1969), Mbiti aliyaona maradhi na misiba kuwa mambo ya kidini yanayotaka tiba ya kidini. Kwa Okot mambo yamekaa kinyume: majina ya majok ni njia ya kuyapanga na kuyaeleza maradhi na misiba. Kwa Mbiti ugonjwa unaingia katika dini. Kwa Okot kile kinachoitwa dini ni msamiati wa ugonjwa. Tofauti hii ni kubwa, nasi tunaona kwamba Okot alikuwa karibu zaidi na ushahidi wa lugha.

Hata hivyo haifai kukipokea kisa hiki bila tahadhari. Jina Rubanga linafanana na Ruhanga, jina la Mungu Muumba kwa Wanyoro, ambao ni majirani wa Waacholi upande wa kusini. Yamkini basi jina hilo lilikuwa na historia ndefu kuliko mazungumzo ya siku moja. Jambo hili halibatilishi hoja ya Okot kuhusu swali la mapadri, ila linapunguza wepesi wa kicheko chake.

3. Pengo: mgonjwa

Kasoro kubwa zaidi ni nyingine. Katika kisa chote mwenye kibiongo hasemi neno. Mapadri wanahitaji jina, mzee analitoa, Okot anawacheka mapadri, na msomaji anacheka pamoja naye. Mgonjwa ametumiwa mara mbili: kwanza kama ushahidi wa kuwako kwa Mungu, kisha kama ushahidi wa ujinga wa wamisionari. Hatuambiwi aliuitaje ugonjwa wake, nani alimtunza, wala alikwenda wapi kutafuta nafuu.

Evans-Pritchard, ambaye Okot alikuwa na sababu za kumpinga, alikuwa ameonyesha mwaka 1937 kwamba Mzande aliyeangukiwa na ghala alijua vizuri kuwa mchwa wamekula nguzo. Alichokuwa akiuliza ni kwa nini ghala limwangukie yeye, saa ile. Mwenye maradhi adimu hulikabili swali hilo kwa ukali wa pekee, kwa sababu haoni wenzake wengi wa kujilinganisha nao. Swali lake ni «kwa nini mimi?», wala si «nani aliniumba?». Okot alikuwa na nyenzo zote za kulisikia swali hilo, lakini ugomvi wake na wageni ulimziba masikio.

Miaka ile ile mji wa Nairobi ulikuwa na watu wengine walioushughulikia ugonjwa huo huo kwa njia tofauti kabisa. Mwaka 1972 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa pamoja wa Afrika Mashariki na Uingereza, uliohusisha kituo cha utafiti wa kifua kikuu cha Nairobi. Yalionyesha kwamba kifua kikuu cha mapafu chaweza kutibiwa kwa miezi 6, mahali pa mwaka mmoja na nusu. Waliopima dawa na waliochambua majina ya pepo waliishi katika mji mmoja, lakini maandishi yao hayakuzungumza.

4. Kuumba kwa Kiswahili

Leo swali la mwanaanthropolojia huulizwa Nairobi mara nyingi kwa Kiswahili, kisha jibu likaandikwa kwa Kiingereza. Tuchukue Dagoretti, Kawangware na Kangemi, vitongoji vya magharibi ambako Wakikuyu, Waluhya, Wajaluo na wengineo wanaishi ua kwa ua. Mtafiti akiuliza habari za kuumbwa, Mkikuyu hulisikia neno hilo karibu na jina la Mumbi, mama wa kabila, ambalo ni la mfinyanzi pia. Mjaluo hulisikia karibu na chweyo, kitenzi cha kufinyanga chungu ambacho sasa hutumiwa kanisani kwa kazi ya Mungu. Kiswahili chenyewe kimefunga umbo, kiumbe, maumbile na Muumba katika mzizi mmoja. Hivyo anayesema «ni ugonjwa wa maumbile» aweza kuwa anasema kuwa alizaliwa nao, au kuwa ni kudra ya Mungu. Mtafiti akiandika kuwa mtu huyo ametoa maelezo ya kidini, huenda ameiandika sarufi ya Kiswahili akidhani ameandika imani ya mtu.

Jina la ugonjwa wenyewe lina tatizo lake. Tunasema kifua kikuu cha uti wa mgongo, yaani kifua kilicho mgongoni. Ugonjwa huu ni sehemu ndogo sana ya kifua kikuu chote, na mwenye nao huenda asikohoe hata kidogo. Huanza kwa maumivu ya mgongo yanayodumu miezi. Usipotibiwa, pingili hubomoka, mgongo hupinda, na miguu huweza kupooza. Dawa hutolewa bila malipo katika zahanati za serikali, ingawa tiba yake huwa ndefu kuliko ya mapafu, mara nyingi mwaka mzima. Mtu asiyekohoa akiambiwa ana kifua kikuu, ana haki ya kudhani kuwa mganguzi amekosea. Akienda kuombewa kanisani, ripoti itasema kwamba imani ilimzuia asiende hospitali. Yamkini kilichomzuia ni jina.

Kwamba jina laweza kubadilika, tumeona katika ualbino, hali nyingine adimu iliyozungushiwa hadithi za mizimu na bahati. Neno zeruzeru limekuwa likiachwa katika matumizi rasmi, na mahali pake panasemwa mtu mwenye ualbino. Sensa ya Kenya ya 2019 ilikuwa ya kwanza kuwahesabu watu hao, ikapata 9,729. Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu, lenye ofisi Westlands, limekuwa likisimamia ugawaji wa mafuta ya kuikinga ngozi yao na jua. Hatusemi kwamba jina jipya ndilo lililoleta mafuta, lakini mtu hahesabiwi mpaka awe na jina analokubali kuitikia.

5. Hitimisho

Kiswahili kina methali ambayo yule mzee wa Kiacholi angeielewa mara moja: Hujafa hujaumbika. Ndani yake mna fikra yake hasa, kwamba kufinyangwa hakuishi siku ya kuzaliwa. Ila methali yatumia kauli ya kutendeka. Haikusema hujaumbwa, kitenzi ambacho kingeweza kufuatwa na fulani. Imesema hujaumbika, na hapo nani hana pa kukaa. Mungu hakukanwa, wala hakushtakiwa. Na swali la mgonjwa, «kwa nini mimi?», limepata jibu lisilomtafutia mchawi: kwa sababu yeyote aweza kuwa wewe.

Methali hii nayo haikukamilika, maana husemwa kwa mzima anayecheka, na mwenye kibiongo angali anazungumziwa. Lakini inatufundisha namna ya kuuliza. Mtafiti anayeingia Kawangware na daftari lake na aulize «Mgongo ulianza kupindika lini?» kabla ya «Nani alikufanyia hivi?», na likija jibu la «sijui», aliandike kama lilivyo. Kazi ya kupima maswali hayo ni ya idara za lugha kabla haijawa ya wanaanthropolojia na madaktari. Okot alituonyesha jinsi swali baya linavyoweza kuugeuza ugonjwa ukawa Mungu. Aliyebaki kusikilizwa ni yule ambaye mgongo wake ulitoa jibu.