Kiingereza cha Maneno 850

Msomaji, kila chombo hupimwa kwa safari yake. Ngalawa hufaa sana ndani ya mwamba, lakini mwenye akili hatoki nayo Malindi kwenda Bara Hindi. Kozi ya lugha nayo hatuna budi kuipima vivyo hivyo: humchukua mwanafunzi umbali gani, na humwacha wapi? Hapa napenda tuipime kozi moja mashuhuri, iitwayo Basic English, yaani Kiingereza cha msingi. Wazo lake lingali hai popote ambapo watu wazima hufundishwa Kiingereza kwa orodha fupi ya maneno.

Mtungaji wake alikuwa C. K. Ogden, Mwingereza, aliyeitangaza mwaka 1930. Alichagua maneno 850 tu: 600 ya kutaja vitu na mambo, 150 ya sifa, na 100 ya kuendesha sentensi. Katika hayo 100, vitenzi ni 18 peke yake. Herufi tano za neno Basic alizipa maana ya Uingereza, Marekani, sayansi, mataifa na biashara. Mwaka 1943 Winston Churchill, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, aliisifu kozi hiyo katika hotuba yake kwenye Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani.

Tuanze na haki yake. Mwanafunzi aogopaye bahari ya maneno huonyeshwa hapa ufuko wa pili. Orodha nzima huenea katika ukurasa mmoja, naye aweza kuhesabu kila jioni amejua mangapi na yamebaki mangapi. Hiyo si faida ndogo, kwa maana wengi huacha masomo kwa kutoona mwisho wa njia, wala si kwa uvivu. Haba na haba hujaza kibaba, na Ogden alituonyesha kibaba chenyewe.

Lakini tukitazama ndani ya kibaba tutaona kasoro mbili. Ya kwanza ni ya vitenzi. Kitenzi cha kula hakimo katika orodha. Mwanafunzi husema kwamba anatwaa chakula. Kuvumilia hakumo, husema “put up with”. Kukata tamaa hakumo. Husema “give up”. Kila neno katika semi hizi limo katika orodha, ila maana yake haimo. Ajuaye kutoa, tena ajuaye juu, atawezaje kubahatisha kwamba mawili hayo yakiunganishwa ni kukata tamaa? Mzigo haukupunguzwa, umehamishwa kutoka kichwani hadi begani. Tena kwa msemaji wa Kiswahili mzigo huo ni mzito zaidi. Sisi tumezoea kitenzi kimoja kilichokamilika, kisha tukakinyambua: pika, pikia, pikwa, pikisha. Kumfundisha mtu huyu kitenzi kimoja kizima cha Kiingereza ni kumpa kitu anachokijua umbo lake.

Kasoro ya pili ni hii: maneno 850 ni ya nani? Theluji imo, makaa ya mawe yamo, glavu imo. Embe halimo, nazi haimo, nanga haimo. Mvuvi wa Takaungu aweza kutaja mashua, tanga, wavu na samaki, lakini afikapo bandarini hana cha kuizuia mashua yake. Mtetezi atajibu kwamba Ogden aliruhusu nyongeza, na ni kweli. Biblia ilipotolewa kamili kwa Kiingereza hicho mwaka 1949, maneno yalifikishwa 1000. Jibu hilo lanisaidia mimi. Ikiwa watafsiri wa Biblia walistahili maneno 150 zaidi, mkwezi wa Kilifi amekosa nini hata asiongezewe yake?

Sisi wa pwani twaujua uchungu wa kupimiwa lugha. Mwaka huohuo wa 1930 ndipo ilipoanza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyosimamisha Kiswahili Sanifu juu ya lahaja ya Unguja; Kimvita, chenye hazina kubwa ya ushairi, kikawekwa kando. Vitabu vilipata umoja, wala faida hiyo siikani. Hata hivyo, mtoto wa pwani bado aweza kuambiwa amekosea kwa kusema kama bibi yake.

Na hapa ndipo penye jambo kubwa kuliko orodha. Nimemwona mwanafunzi mtu mzima, msuluhishi anayesikizwa kijijini kwake, akiulizwa maoni yake kwa Kiingereza akajibu kwa maneno manne, kisha akaketi. Wenzake walidhani hana la kusema. Alikuwa nalo, ila hakuwa na chombo. Katika ufuko wa Malindi vijana hujifunza Kiitaliano kwa wageni, nacho huwatosha kuuzia vinyago; lakini maneno ya kuuzia kinyago hayatoshi kusomea mkataba wa kazi, wala kumweleza daktari maumivu yalikoanzia. Lugha ya msingi ikifanywa mwisho wa masomo, humfanya mzee aseme kama mtoto, na ulimwengu humlipa kama mtoto.

Basi hukumu yangu ni hii: kozi ya maneno 850 ni mlango mwema, lakini si nyumba. Ewe mwanafunzi, ingia kwa mlango huo bila haya. Kisha andika orodha yako mwenyewe ya maneno 50: ya kazi ya baba yako, ya jiko la mama yako, na ya jambo ambalo ungependa kubishana juu yake. Kila kitenzi kitungie sentensi tano za kweli. Nawe mwalimu mwenzangu, kabla ya kumhesabia mwanafunzi maneno aliyonayo, muulize kwanza ana nini cha kusema. Kisha mtafutie maneno yake.