Tusimnyang'anye mamba muntu kicheko chake

Pengine utashangaa kuona hadithi ya mamba muntu inawekwa mu kitabu hiki karibu na mambo makubwa sawa ndoa, kilio na majina ya wazee. Lakini ni nani aliyekomea mu Likasi bila kuisikia? Sisi tunaiona ni hadithi yetu ya mapenzi, tena ya kuchekesha, na tunaandika juu tunaogopa kicheko chake kinapotea.

Tuikumbuke kwa ufupi. Mwanaume, mara nyingi mfanyakazi, anapita kando ya mto Lufira ama ziwa Tshangalele. Anaona mwanamke amekaa ku jiwe, juu mtu, chini samaki, anachana nywele ndefu. Mwanamke anaruka mu maji, kichanuo kinabaki, mwanaume anakificha mu mfuko. Usiku anamjia mu ndoto kukiomba, na hapo wanapatana: makuta yatakuja mengi, lakini baba asimwambie mtu, wala asipende mwingine.

Kicheko kinaanza ku nyumba. Baba ananunua pikipiki, anasema ni zawadi ya kazi. Analala peke yake mu chumba kingine, anasema ni mgongo. Mama ananusa shuka na kuuliza: « We baba, hii harufu ya samaki inatoka wapi? Si jana tulikula sombe? » Siku moja chupa za Simba zinamfungua baba kinywa mbele ya wenzake. Asubuhi pikipiki haiko, makuta haiko, na baba anarudi kwa bibi yake kuomba ugali.

Mu miaka ya 1970 hadithi hii ilikaa ku ukuta. Wachoraji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi walichora mamba muntu kwa wingi, na picha yake ilitundikwa mu salo za wafanyakazi, wakati mwingine karibu na ile ya « Colonie belge ». Johannes Fabian, aliyezungumza na wachoraji wetu sawa Tshibumba Kanda Matulu, ameandika kwamba picha za namna hii ziliitwa ukumbusho: picha inakumbusha, kinywa kinaeleza. Kwa hiyo picha ilikuwa kama jalada tu. Kitabu chenyewe kila nyumba ilijitungia.

Sasa tuulize: tunamcheka nani? Si mwanamke. Yeye hasemi uongo hata mara moja, anatoa alichoahidi na anachukua kilicho chake. Tunamcheka mwanaume aliyetaka bibi wawili na makuta bila jasho. Angalia vizuri zile picha: mara nyingi mamba muntu amevaa saa ku mkono. Mtu wa maji anataka saa ya nini? Sisi tunaisoma hivi: anahesabu masaa, sawa kampuni. Analipa vizuri, anataka utii, anafukuza bila barua. Tusisahau pia kwamba Tshangalele ni ziwa la bwawa la Mwadingusha, lililoanza kutoa umeme wa migodi mwaka 1930. Wazee walikuwa na roho zao za maji toka kale, lakini mamba muntu huyu wa saa na makuta amekuja pamoja na mshahara.

Tumlinganishe na Huria, binti wa jini mu Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952). Huria naye anamsaidia mwanaume, lakini juu Adili alimtendea wema kwanza, na Adili anamuoa mwingine bila kisa. Pale tunafundishwa. Kwetu tunacheka kwanza, fundisho linakuja nyuma.

Hadithi yetu iko na kosa lake, tusilifiche. Mamba muntu ni mweupe na nywele zake zinashuka mpaka ku kiuno, kama vile mwanamke mweusi wa nywele fupi hawezi kumrogesha mtu na mapenzi. Wasichana wetu wanaisoma hiyo kila siku ku chupa za mafuta ya kujichubua.

Lakini kosa kubwa zaidi limetoka nje ya hadithi. Tangu mwisho wa miaka ya 1980, kanisa za maombi zilipoongezeka, picha zile ziliteremshwa ku ukuta. Mamba muntu akawa shetani kabisa, na shetani hachekeshi.

Hasara yake tumeiona mu kalasi. Mwanafunzi mmoja alirudi kutoka likizo na nywele za kusukwa ndefu na saa mpya. Wenzake wakamwita mamba muntu, wote wakacheka, yeye pia. Kisha juma mbili jina lile lile likatajwa mu kikundi cha maombi, na pale hakuna aliyecheka. Tulikosa kumuona mwezi mzima. Tulienda kuzungumza na familia, akarudi, lakini kichwa kimenyolewa, na mkono haukuwa tena na saa.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi, na sheria ya Januari 2009 ya kulinda mtoto inatia azabu. Ni vema kuyafundisha. Ila sheria inafika kisha neno kusemwa. Kicheko kilikuwa kinafika mbele: aliyejua hadithi vizuri alijua kwamba mwenye kosa ni baba wa pikipiki, si mwenye nywele.

Kwa hiyo tunaomba walimu wenzetu: waacheni wanafunzi waisimulie mu kalasi, kwa Kiswahili cha ku nyumba, na waandike namna bibi na babu zao wanavyoimaliza. Na mtoto akiuliza kama mamba muntu iko kweli, tumjibu: yule mama aliyenusa shuka, yeye iko kweli, uliza jirani yako.