Kinyago cha mpingo kwenye tumbo la ndege

Kilichookoa zawadi hii ni mizani iliyoombwa dukani kabla ya kulipa. Mnunuzi ni mama mmoja wa Sinza, jijini Dar es Salaam. Mtoto wa kaka yake alikuwa anaolewa Hamburg mwezi Januari, na ukoo ulishakubaliana kwamba zawadi iwe nguzo ya ujamaa ya mpingo kutoka Mwenge: ile ya watu waliobebana kuanzia chini hadi juu, mikono imeshikana, katikati matundu. Ni mzigo mzito, mrefu na mwepesi kuvunjika, na ulitakiwa uende kama begi la kawaida la abiria. Niliifuatilia kazi hiyo mpaka mwisho, na ninaichambua kwa sababu walioifanya walifikiri kwanza, wakafunga baadaye.

Dukani zilikuwepo nguzo mbili zilizowavutia. Ya kwanza ilikaribia mita moja na ilikuwa na kilo 14. Ya pili ilikuwa na sentimita 70, kipenyo cha sentimita 18, na mizani ilisoma kilo 9.6. Wakachukua ya pili, ingawa ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi. Shirika la ndege halikuwa sababu, maana mashirika mengi huruhusu kilo 23 kwa begi. Sababu ni sheria ya miti. Miti karibu yote ya jenasi ya Dalbergia, ambamo mpingo umo, iliingizwa mwaka 2017 kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliziacha nje bidhaa zilizokwisha kutengenezwa, mradi uzito wa mti wenyewe usizidi kilo 10 kwa shehena moja. Nguzo ya kilo 14 si haramu, ila ingehitaji kibali, na kibali hakipatikani wiki ya harusi. Watu wengi hununua kwanza, kisha huanza kuuliza.

Kwa nini wasiibebe mkononi? Sentimita 70 hazikubaliki kwenye mzigo wa ndani, ambao kwa kawaida huishia sentimita 55. Hata kinyago kingekuwa kifupi, mpingo ni mti mzito unaozama majini, na afisa wa usalama akikishika kinyago cha aina hiyo haoni sanaa, anaona rungu.

Basi likatengenezwa kasha. Hapa kikwazo kilikuwa vipimo. Mashirika mengi hutaka urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 158, na hupima kwa nje, pamoja na vishikio na kila kinachochomoza. Seremala alichora kasha la 88 kwa 36 kwa 30, jumla 154, akabakiza sentimita nne kwa ajili ya kamba za kushikia. Alitumia plaiwudi ya milimita 6. Mama alikuwa amependekeza mbao za msonobari kwa kuwa zinaonekana imara, seremala akakataa, na alikuwa sahihi. Kanuni ya kimataifa ya afya ya mimea, ISPM 15, inataka mbao ghafi za vifungashio zipashwe joto la nyuzi 56 hadi katikati kwa dakika 30 na kupigwa mhuri, ili wadudu wasisafiri nazo. Kanuni hiyo inalenga zaidi shehena za biashara, lakini kwa nini umpe mkaguzi sababu ya kukusimamisha? Plaiwudi imesamehewa, kwa kuwa kiwandani hupita kwenye gundi, joto na mgandamizo. Hata vipande vya kuimarisha pembe kwa ndani vilikatwa kutoka plaiwudi hiyohiyo na kugandishwa.

Boksi la karatasi halikufikiriwa, na sawa. Karatasi ikinyonya unyevu wa Dar inalegea, na ndani ya ndege mabegi ya wenzako yanapangwa juu ya lako.

Sasa tufike kwenye kiini cha kazi, yaani sponji. Mzigo ukianguka, kinachouvunja ni jinsi unavyosimama ghafla. Kipimo cha haraka ni kugawa kimo cha kuanguka kwa umbali ambao mzigo unautumia kusimama. Tuseme kasha limeanguka kutoka kwenye toroli, mita moja. Likiwa halina sponji ndani, kinyago kinagonga plaiwudi inayobonyea milimita mbili hivi, na mita moja ukigawa kwa milimita mbili unapata 500. Kila kiungo cha kinyago kwa nukta hiyo kinajihisi kizito mara 500 ya uzito wake; mkono wa gramu 50 unavutwa kama una kilo 25. Weka sponji inayobonyea sentimita mbili na nusu, ile 500 inashuka hadi 40, na mkono unavutwa kwa kilo mbili tu. Ni hesabu ya kukadiria, lakini inatosha kuonyesha kwamba sentimita chache za sponji zinafanya kazi kubwa kuliko vibandiko vyote vya kaunta.

Lakini sponji ipi? Fundi makochi wa Keko aliyeuza vipande alileta kwanza ile laini ya mito. Wakalaza kinyago juu yake, kikazama zaidi ya nusu ya unene kikiwa kimetulia tu. Hiyo haifai: nusu ya safari ya kusimama imeshatumika kabla kasha halijaanguka, na kishindo kikija kinyago kitafika kwenye ubao. Akaleta sponji nzito ya viti vya chini, ile ambayo ukiibonyeza kwa kiganja inakurudisha. Juu ya hiyo kinyago kilizama kidogo tu. Upande mwembamba wa kasha ulibaki na nafasi ya sentimita tano na ushee kati ya kinyago na ubao, pande nyingine zaidi ya nane. Upande ule mwembamba ndio ulioamua unene.

Kosa linalofanywa na wengi ni kujaza matundu. Mtu anachukua magazeti, anayakunja, anayasokomeza katikati ya mikono na shingo mpaka kinyago kinakuwa kama gunia. Anadhani amekikinga, kumbe ameigeuza mikono kuwa nguzo za kubebea uzito wote. Mchongaji wa kinyago alilieleza vizuri kuliko mhandisi. Alikaa na kinyago mapajani, akapitisha kidole gumba kwenye mkono wa mtu wa tatu kutoka chini, pale unapotoka kiwiliwilini kwenda kushika bega la jirani. "Mama, hapa asiguse mtu," alisema. "Nyuzi za mti zinapanda juu, huu mkono umelala. Hapa hata mtoto anavunja." Kisha akaonyesha sehemu tatu za kushika: kitako, mkusanyiko wa viwiliwili katikati, na kichwa cha juu kabisa ambacho kimechongwa kizima. Akazitia alama kwa chaki.

Sponji ikakatwa kwa kufuata alama hizo. Vilitengenezwa vitanda vitatu, kila kimoja vipande viwili, cha chini na cha juu, vikibana kinyago kwenye chaki tu. Mikono yote ilibaki hewani, haigusi kitu. Mtu asiyejua akifungua angesema kazi haijamalizika. Kasha likafungwa kwa majaribio, likageuzwa kichwa chini na kutikiswa, na hapakusikika mgongano wowote. Khanga alizotaka kuongeza mama "zijaze nafasi" zikahamia kwenye begi la nguo, ambako ndiko mahali pake.

Kuna adui mwingine ambaye hahusiani na kuanguka. Mpingo hukauka taratibu mno, na vinyago vingi huchongwa mti ukiwa bado na maji. Nyufa ndogo za kwenye ncha hufichwa kwa nta na kiwi ya viatu. Maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha za gogo kuliko ubavuni. Ukikitoa kinyago kwenye unyevunyevu wa pwani ukakiweka sebuleni Hamburg mwezi Januari, karibu na hita, ncha zinasinyaa kabla ya katikati, na mti unapasuka. Mchongaji alipaka nta kitakoni na utosini, akakivisha kitambaa cha pamba, kisha nailoni juu yake. Maagizo kwa bibi harusi yalikuwa mafupi: kasha likae chumba kisicho na hita, nailoni itolewe baada ya wiki chache, kitambaa baadaye, na kinyago kisiwekwe juu ya hita hata siku moja.

Uwanja wa ndege wa Julius Nyerere una faida ambayo wasafiri huiona kero: mizigo hupita kwenye mashine ya ukaguzi mlangoni, mwenyewe ukiwepo. Mpingo ni mti mnene, hivyo kwenye skrini huweza kutokea kama kitu kizito kisichoeleweka, na kasha kama hili lina kila dalili ya kufunguliwa. Walilijua hilo. Mfuniko ulifungwa kwa skrubu, si misumari, na chini yake iligundishwa picha ya kinyago kikiwa kimelala kwenye vitanda vyake, ili atakayefungua njiani ajue kukirudisha. Afisa aliomba lifunguliwe, akatazama, likafungwa palepale. Bisibisi ikaingia kwenye begi la nguo la kupakia.

Kaunta nayo ina mambo mawili. La kwanza ni kibandiko chenye picha ya glasi. Kibandikwe, hakina gharama, lakini mkanda wa mizigo na mashine za kupanga mabegi kwenye viwanja vya kubadilishia ndege hazisomi picha. Kinachosaidia ni kuomba mzigo upokelewe kwenye dirisha la mizigo mikubwa, ambako hubebwa kwa mikono angalau mwanzoni. La pili ni tagi ya kusaini, inayosema abiria amekubali kwamba mzigo ni dhaifu au haukufungwa vizuri. Mama aliisoma, akaonyesha kasha, akasema halijafungwa vibaya, na mhudumu akaiondoa. Wengi tunasaini kwa sababu foleni nyuma inaguna.

Kuhusu fidia, Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama, unaweka kikomo cha SDR 1,519 kwa kila abiria tangu mwisho wa Desemba 2024, yaani kama dola 2,000. SDR ni kipimo cha fedha cha IMF. Kikomo hicho ni cha mizigo yako yote. Anayetaka zaidi hutangaza thamani kaunta na kulipia. Malalamiko ya mzigo ulioharibika hupelekwa kwa maandishi ndani ya siku saba tangu kuupokea, na shirika haliwajibiki kwa uharibifu uliotokana na hali ya kitu chenyewe. Ufa wa mti mbichi ni wako. Stakabadhi ya duka ilisafiri mkononi, ikafaa pia forodhani, kwa kuwa msafiri wa ndege anayeingia Umoja wa Ulaya kutoka nje husamehewa bidhaa zisizozidi euro 430.

Kasha lilifika likiwa na kilo 17 na pembe moja imebonyea, upande wa kichwa. Picha zilipigwa palepale kwenye ukumbi wa mizigo kabla ya kufungua skrubu yoyote. Ndani, mikono yote ilikuwa mahali pake na sponji ya kichwani ilikuwa na alama ya kugandamizwa, kwa hiyo kishindo kilikuwepo na kilipokelewa.

Pembe ile ndiyo lawama yangu pekee kwa seremala. Kasha refu likianguka hutua kwa ncha, na ncha zake zilikuwa plaiwudi nyembamba sawa na ubavu. Ubao wa milimita 9 kwenye ncha mbili ungeongeza chini ya nusu kilo, na mzani ulikuwa bado na kilo sita za bure.