Ufundi wa Kurudi

Simfoni namba 40 ya Mozart inaingia bila kubisha hodi. Viola zinahangaika chinichini, kisha fidla zinaleta mahadhi kwa sauti ndogo: noti mbili jirani zinashuka, zinarudia, zinarudia tena. Simfoni nyingi za zama hizo zilianza kwa kishindo. Hii haikutaka.

Mozart aliikamilisha Vienna tarehe 25 Julai 1788, katikati ya nyingine mbili: ya 39 aliimaliza Juni 26, ya 41 Agosti 10. Watu hupenda kuusifu wepesi huo. Mimi nasifu kitu kingine, kilichomo ndani ya sehemu ya kwanza, mahali ambapo asiyelijua umbo la muziki huu hupita bila kushtuka.

Simfoni ya enzi za Haydn na Mozart kwa kawaida ina sehemu nne: ya haraka, ya taratibu, minueti yenye mapigo matatu, na ya haraka tena. Hayo ni mepesi kukumbuka. Uzito uko katika umbo linalotawala sehemu ya kwanza, ambalo waandishi wa karne ya 19 ndio waliolieneza kwa jina la umbo la sonata. Watunzi wenyewe walilifinyanga kwa kulitumia. Kiini chake ni ufunguo. Mwanakwaya aliyelelewa na do-re-mi anajua kwamba do ikihama, wimbo wote unahama nayo. Mtunzi anaanza kwenye do ya nyumbani, anahamia do nyingine, na huko anatuletea mahadhi mapya. Halafu anayavunjavunja aliyotupa na kuyazungusha katika funguo za mbali, hatimaye anarudi. Akirudi, hata mahadhi yaliyozaliwa ugenini sharti yapigwe nyumbani.

Msomaji wa mashairi atalielewa sharti hilo: kina kikishawekwa katika ubeti wa kwanza, sikio linakidai, na malenga hupimwa kwa namna anavyolilipa deni lake.

Nyumbani kwa simfoni hii ni G maina; maina ni ngazi yenye kivuli cha huzuni, na meja ndiyo iliyo angavu. Muziki unakimbilia B-flati meja, unanyamaza kwa pumzi moja, ndipo mahadhi ya pili yanapochomoza, ala za nyuzi na za kupuliza zikipokezana. Yanateleza kwa hatua ndogondogo, ila yamo katika meja, na msikilizaji anapata nafuu. Mozart ameweka alama kwamba yote haya yapigwe mara mbili. Waongozaji wengine huiruka alama hiyo, nami naona wanamdhulumu msikilizaji, maana umbo hili limejengwa juu ya kumbukumbu. Asiyeyashika mahadhi ya pili hawezi kuguswa yatakaporudi.

Baada ya hapo mahadhi ya kwanza yanatupwa hadi F-shapu maina, mbali mno na nyumbani, yanakatwakatwa mpaka zinabaki noti tatu zinazorushwa kutoka ala hii hadi ile. Kisha ala za kupuliza zinashuka taratibu, na kabla hazijatua, fidla zimeshayaanza mahadhi ya kwanza. Umerudi kabla hujajua kwamba umerudi. Njia ya kuyaendea mahadhi ya pili, iliyokuwa fupi mwanzoni, sasa ni ndefu, inapita E-flati meja, inatia matumaini. Kimya kilekile. Halafu yanakuja, katika G maina.

Mteremko ni uleule, kupokezana ni kulekule, na faraja yote imeondoka. Mozart hakulazimika. Angeweza kuyaleta katika G meja, yenye noti ileile ya nyumbani, na bado akawa nyumbani. Haydn aliupitia mlango huo katika simfoni zake kadhaa zilizoanza na maina. Mozart aliuona mlango, akaupita. Sijui fundi mwingine aliyesema mengi hivyo kwa kutii kanuni.

Ufundi huo umefika hadi kwenye baragumu. Baragumu za wakati ule hazikuwa na vali, kila moja ilikuwa na noti chache tu za ufunguo wake, na kwa kawaida zote mbili ziliwekwa katika ufunguo mmoja. Mozart akaagiza moja ya G na nyingine ya B-flati, ili noti inayokosekana kwa hii ipatikane kwa mwenzake. Tarumbeta na ngoma hakuziita kabisa.

Sehemu ya pili ni nzuri na ya tatu ni kali kuliko minueti ya kuchezwa, lakini sikio langu linakimbilia ya nne. Katikati yake okestra inaungana katika mstari mmoja, inaruka huku na huko, na inazigusa noti zote 12 isipokuwa moja: G, ile ya nyumbani. Kisha marejeo yanaanza, na kwa mara nyingine mahadhi ya pili, tuliyoyasikia kwanza katika B-flati meja, yanaletwa katika G maina. Mozart anaupita mlango uleule mara ya pili, na safari hii hakuna sehemu nyingine inayofuata ya kuturudisha kwenye meja. Simfoni inakwenda kwa kasi katika G maina hadi noti yake ya mwisho.