Mafundi wa Mnyoo

Mnyoo aitwaye Caenorhabditis elegans ana urefu wa milimita 1 tu. Anaishi penye majani yanayooza, anakula bakteria, na huntha wake aliyekomaa ana seli za neva 302, hazizidi wala hazipungui. Kwa udogo huo, mtu angedhani kumwiga ndani ya kompyuta ni kazi ya wiki mbili. Waliojaribu wanajua zaidi.

Kazi ya kuchora ramani ya neva hizo ilianzia Cambridge, Uingereza, kwa mwanabiolojia Sydney Brenner na wenzake. Nichol Thomson aliwakata minyoo vipande vyembamba kiasi kwamba elfu ishirini vikipangwa pamoja ndipo vifike milimita moja. Vikapigwa picha kwa hadubini ya elektroni, kisha John White na Eileen Southgate wakaufuata kila uzi wa neva, picha baada ya picha, kwa macho na kalamu. Ramani yao ilichapishwa mwaka 1986, kurasa 340.

Mwaka 2011 ukaanza mradi wa OpenWorm wa kumwiga mnyoo huyo ndani ya kompyuta, ambao programu zake ziko wazi kwa yeyote. Hapo ndipo ufundi unapovutia. Neva peke yake haziendi popote, kwa hiyo watengenezaji walilazimika kuunda pia mwili: seli 95 za misuli katika safu nne, ngozi inayonyumbuka, hata majimaji anamoogelea. Upande mmoja ukikaza, wa pili hulegea, na wimbi hilo linasafiri toka kichwani hadi mkiani, likimsukuma mbele. Wimbi likikosea kidogo, mnyoo wa kompyuta hupinda palepale asisogee.

Ugumu ni kwamba ramani inaonyesha neva ipi inagusana na ipi, lakini haisemi ipi inachochea, ipi inazuia, wala kwa nguvu gani. Basi fundi hukisia kiwango, huendesha programu, hulinganisha na video za mnyoo halisi, hurekebisha, huanza tena.

Ninachokiheshimu kwa watu hawa ni kipimo chao. Kiumbe wao akijipinda kama mnyoo, hawasemi wameumba mnyoo. Wanataja kinachokosekana, kisha wanarudi kazini. Kwa hiyo ukimsikia mtu akitamba kwamba karibuni atanakili ubongo wa binadamu, wenye seli za neva zipatazo bilioni 86, muulize kwanza amefika wapi na zile 302.