Barua ya Mwalimu wa Kigiriki

Wahakiki wengi wa Julius Caesar, tamthiliya aliyoifasiri Mwalimu Nyerere mwaka 1963 na kuirekebisha 1969, huishia kwa Brutus na Antony. Likizo hii nimeisoma tena nyumbani Musoma, na mimi nimekwama kwa Artemidorus. Eti mhusika mdogo! Ni Mgiriki, mwalimu wa ufasaha. Njama anaijua, anaandika barua, anasimama njiani. Kaizari haisomi.

Plutarch, Mgiriki ambaye Shakespeare alichota kisa kwake kupitia tafsiri ya Kiingereza ya 1579, anasimulia kwamba Kaizari alijaribu kuisoma mara kadhaa, ila msongamano wa watu ukamzuia. Shakespeare amegeuza: Kaizari anaambiwa barua yamhusu yeye, naye anajibu kuwa basi, ya kwake ingoje mwisho. Yaani kosa limehama kwa umati likamwangukia mkubwa mwenyewe, tena anajionyesha mbele za watu.

Mtoto wa Butiama, aliyefundisha kabla ya siasa, aliitoa tafsiri hii akiwa Rais. Barua za aina hiyo zilikuwa zikija mezani kwake. Wenzangu mnaoiita tamthiliya ya wasaliti tu, nabishana nanyi: kabla ya visu kulikuwa na karatasi fupi, na nafasi ya kuisoma ilikuwepo.